Mwanga wa telefone: kutazama "Zombies" ya Baloji tukiwa Kolwezi



Jioni moja umeme ulikatika ku Manika, na tulikuwa watu watano barazani na telefone moja tu yenye chaji. Ndani yake nilikuwa nimehifadhi filamu fupi ya Baloji, "Zombies". Tukaitazama wote, vichwa vimegusana, nyuso zetu zikipata rangi ya ile skrini. Ilipoisha, mdogo wangu, anayesoma mwaka wa pili, akaniuliza: "Iko muzuri, yaya. Lakini shiye tuko wapi mule ndani?"

Nilimjibu mbio mbio kwamba ile haiko filamu ya Kolwezi, ni ya Kinshasa. Lakini swali halikuondoka. Filamu yote inaongea juu ya telefone: watu wanavyoishika, inavyowaangaza, inavyowatawala. Na telefone ina betri, na betri ina kobalti. Karibu tani 7 kati ya 10 za kobalti ya dunia nzima zinatoka Kongo, na nyingi ya hiyo inatoka hapa hapa Lualaba. Kwa hiyo tulikuwa mule ndani. Tulikuwa kwenye betri, si kwenye picha.

Njo maana ninaandika leo. Wengi wetu humu tulimaliza masomo, tunajua kusoma kitabu na kukijadili. Lakini klipi tunazozitazama kila siku tunazipita tu: "iko ya moto", "haiko ya moto", basi. Mimi ninaona klipi njo kitabu kinachosomwa zaidi mu muji huu. Tukikisoma vibaya, wengine watatusimulia sisi wenyewe, na tutaamini.

Kwanza, tunaongea juu ya nani?

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mtoto, akakulia kule. Alianza na kundi la rap la Starflam mu muji wa Liège, kisha akaenda njia yake. Mwaka 2018 alitoa albamu "137 Avenue Kaniama". Mwaka uliofuata akatoa "Zombies", filamu ya dakika kama 15 ambayo aliiandika na kuiongoza mwenyewe, juu ya nyimbo za albamu ile. Mwaka 2023 filamu yake ndefu, "Augure", ilipata zawadi ya sauti mpya ku Cannes, katika sehemu ya Un Certain Regard. Msimchanganye na Sammy Baloji, mpiga picha, ambaye naye alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Nitarudi kwake.

Jina lenyewe ni hadithi. Kwa Kiluba, baloji ni walozi. Mtu wa Dar es Salaam akisikia "balozi" anafikiri juu ya bendera na gari la ubalozi. Shiye huku tukisikia balozi tunafunga mlango.

Orodha na hadithi

Nina kipimo kimoja kidogo, na kila mtu anaweza kukitumia bila kununua kitu. Chukua klipi, ukate picha zake, kisha uzichanganye kama karata. Hakuna kilichoharibika? Basi ile ilikuwa orodha: gari, chupa, msichana, bwawa la hoteli, gari tena. Ukizichanganya na maana inapotea, ile njo hadithi.

"Zombies" haichanganyiki. Inaanza kwenye saluni ya nywele, inaingia kwenye klabu ya usiku inayofanana na ya siku zijazo, inatoka barabarani kwenye gwaride la mtawala aliye katika kampeni, na inamalizikia kwenye kitu kama filamu ya kaoboi ya leo. Mara ya kwanza unaweza kusema ni vipande vinne vilivyoshonwa tu. Tazama tena. Kwenye saluni mtu anatengeneza uso. Kwenye klabu anauonyesha ule uso. Kwenye gwaride kuna mtu mkubwa ambaye uso wake unauzwa kwa wananchi. Hatua zinafuatana. Kijana anayejipiga picha mara 20 ili achague moja, na mwanasiasa anayechagua picha ya bango lake, wanafanya kazi moja. Mmoja anaomba moyo chini ya picha, mwingine anaomba kura. Baloji hasemi hivyo kwa mdomo. Anaziweka picha zifuatane, wewe mwenyewe unafika.

Kitu cha pili ni mwanga. Klipi ya kawaida ina projekta kubwa inayomwangaza nyota, na wengine wako pembeni yake kama fanicha. Hapa mwanga mwingi unaonekana kutoka kwenye kile watu wanachokishika. Uso unaangazwa kutoka chini, macho yameinama, mwili unacheza lakini kichwa hakipo. Hakuna aliye nyota, juu ya kila mmoja ni nyota wa skrini yake. Wanacheza pamoja na kila mtu yuko peke yake. Mtu aliyewahi kuingia kwenye sherehe ya ndoa ya kwetu, akaona meza nzima imenyamaza, kila mtu na telefone yake, atajua hii haiko mambo ya siku zijazo.

Wimbo mmoja wa ile albamu unaitwa "Glossine". Kwa Kifaransa ni jina la mbung'o, yule nzi anayeleta ugonjwa wa usingizi. Wazee wanaujua ugonjwa ule: mtu anatembea, anakula, anaitika, lakini amelala. Njo zombi wa Baloji. Hakumchukua kwenye sinema za Marekani, yule mfu anayefufuka na kula watu. Zombi wake ameumwa na mdudu wa huku huku.

Na watu wenyewe wanaonyeshwaje? Hapo nampa heshima. Kinshasa yake haiombi msaada. Kuna mavazi ya ajabu yaliyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, na anayeyavaa anatembea kama mfalme. Hakuna anayesikitikiwa. Watu wa "Zombies" wana makosa, wana mapambo, wana ujuzi wa mikono, wanacheka. Mtu mwenye makosa ni mtu mzima. Yule asiye na makosa hata moja, mwenye machozi tu, amewekwa pale ili tumhurumie.

Mamba muntu wa leo

Sasa turudi nyumbani. Klipi zetu za Kolwezi na Likasi, sitataja jina la mtu, juu ya wote ni bandugu na kazi yao ni ngumu. Lakini tazama kumi, utaona moja. Gari ya kukodi. Miwani. Bwawa. Kijana anatupa noti hewani, nyuma yake bakijana wengine wanacheza. Barabara zetu zimejaa malori yanayokwenda Kasumbalesa mchana na usiku, na kwenye klipi hakuna lori hata moja. Vumbi letu linaingia mpaka kwenye sukari, na kwenye klipi hakuna vumbi.

Wazee wetu walikuwa na picha ya namna hii ukutani. Miaka ya 1970, sebule nyingi za Katanga zilikuwa na picha ya mamba muntu: mwanamke mzuri, nusu samaki, anakaa kando ya maji. Yeye anatoa mali, lakini kwa siri. Ukisema ulikotoa, mali inapotea, pengine na wewe unapotea. Klipi ya Prado njo mamba muntu wa leo. Inaonyesha falanga, na masharti ni yale yale: usiulize zilitoka wapi.

Sisemi hivyo kwa kudharau. Kijana ambaye wiki nzima amekuwa shimoni, au kwenye foleni ya kuomba kazi na diploma mkononi, ana haki siku moja ya kuonekana safi. Mama yake akimwona kwenye klipi na shati jeupe anafurahi, na ile furaha haiko bongo. Shida ni kwamba ukisafisha mpaka hakuna kilichobaki cha kwetu, ile klipi ingeweza kupigwa popote, na wewe mwenyewe umejifuta.

Jicho la kutoka mbali

Upande wa pili ni picha ambazo wageni wanatupiga. Mwaka 1980 Raoul Coutard alitoa filamu "La légion saute sur Kolwezi", juu ya vita ya Mei 1978. Kati ya filamu zenye jina la muji wetu, ni hiyo watu wa nje wanaijua zaidi. Unajua ilipigwa wapi? Guyane, koloni la zamani la Ufaransa kule Amerika ya Kusini. Jina ni letu, udongo na miti ni ya wengine. Na ndani yake watu wa Kolwezi weusi ni kama kelele ya nyuma: hadithi ni ya wanajeshi wanaoshuka kutoka angani.

Kisha ikaja kobalti. Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti juu ya wachimbaji wa mkono na watoto kwenye machimbo, na tangu hapo kamera hazijakoma kuja. Picha ni ile ile: tope, mtoto, mfuko mgongoni, macho yanaangalia kamera. Sitaki mtu anielewe vibaya. Watoto wako kweli. Mwenye kukana hajafika Kasulo, fasi ambapo mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mpaka ndani ya vyumba. Si bongo.

Lakini tumia kile kipimo. Kata zile picha, uzichanganye. Hakuna kinachoharibika. Yule mtoto hana jana na hana kesho, hasemi kitu, hachezi, hana ndugu wa kumtania. Njo maana ninasema klipi ya Prado na picha ya tope zinafanana kuliko tunavyofikiri. Zote mbili ni orodha. Moja imefuta vumbi, nyingine imefuta mtu.

Mahali "Zombies" inapopungukiwa

Sasa naweza kurudi kwa swali la mdogo wangu, na hapa simwachii Baloji.

Filamu ilitoka 2019. Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, udongo uliporomoka katika eneo la Kamoto Copper Company, wakafa wachimbaji wa mkono zaidi ya 40. Mwaka ule ule, mwezi wa Desemba, familia za kwetu zilishtaki kule Washington kampuni za Apple, Dell, Microsoft, Tesla na ile yenye Google, juu ya watoto waliokufa na kuumia kwenye kobalti. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilikataa kesi. Ninazitaja tarehe hizo ili tuone kile kilichokuwa pembeni ya fremu wakati kamera inatazama telefone.

Telefone ya "Zombies" haina mama. Imeanguka kutoka mbinguni, iko mkononi, inaleta usingizi. Ugonjwa wote unawekwa juu ya mtumiaji: ameinamisha kichwa, amejipenda, amelala. Lakini wazee waliojua mbung'o walijua pia kwamba nzi ana kichaka chake. Ukitaka kumaliza ugonjwa unauliza kichaka kiko wapi na ni nani anakilinda. Filamu haikuuliza, na mwenye kuiongoza alizaliwa Lubumbashi, mwanzo wa barabara inayopita Likasi na kuja mpaka kwetu. Kwa mtu wa Paris ningesamehe haraka.

Tena kuna jambo la pili. Kwetu telefone haiko pambo peke yake. Kwa telefone negosia anajua bei ya asubuhi kabla ya kwenda dipo. Kwa telefone mama anapokea falanga kutoka kwa mtoto aliye Lubumbashi au Ndola. Kwa telefone habari ya shimo lililoanguka inafika nyumbani kabla ya mwili. Mtu akiniambia watu wa Kongo wamelala juu ya telefone, ninakubali nusu. Nusu nyingine wako macho kabisa, na telefone njo kazi yao. "Zombies" haina mtu wa namna hiyo hata mmoja.

Najua jibu litakalotolewa: filamu ya dakika 15 haiwezi kusema yote, na kama Baloji angeleta mgodi, angejikuta anapiga picha ya tope kama wengine. Jibu hilo lina uzito. Kutoonyesha kunaweza kuwa heshima. Lakini kati ya kuonyesha mtoto kwenye tope na kunyamaza kabisa, kuna njia nyingi. Hata picha moja ingetosha.

Wengine walijaribu

Ushahidi kwamba njia ziko ni yule Baloji mwingine. Sammy Baloji ana mfululizo wa picha unaoitwa "Kolwezi". Aliweka pamoja picha za machimbo na zile bango za rangi kali zinazouzwa sokoni, zinazoonyesha bustani, maporomoko ya maji na miji mirefu, ambazo watu wanaweka ukutani. Shimo upande huu, ndoto upande huu. Hakumcheka mwenye bango na hakumlilia mchimbaji. Alionyesha kwamba ni mtu mmoja: asubuhi yuko shimoni, jioni analala chini ya ile picha ya bustani. Hii haichanganyiki. Ukitoa moja, nyingine inakufa. Kinachokosekana ni ngoma tu, juu ya picha ya ukutani haichezi.

Ngoma nayo tuliwahi kuwa nayo. Jean Bosco Mwenda alitoka Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya Lualaba yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi, akiwa na gitaa moja tu, na ule wimbo "Masanga" ukazunguka dunia. Leo bado kuna watu Ulaya na Marekani wanaojifunza vidole vyake. Hakuazima gari la mtu.

Ukumbusho

Tuna neno letu kwa haya yote, na halikutoka chuo kikuu. Mtaalamu Johannes Fabian alikaa hapa Shaba miaka ya 1970, akaongea na wachoraji wa mtaani. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia yote ya nchi kwa picha zaidi ya 100, mwaka 1973 na 1974, na akazieleza moja moja kwa Swahili ya kwetu. Kitabu kikatoka mwaka 1996. Katika kazi ile kuna neno linalorudi: ukumbusho. Watu walinunua picha siyo juu ni nzuri tu, bali juu inakumbusha. Inakulazimisha ufikiri, umwambie mtoto, "ile siku ilikuwa hivi".

Kwa kipimo hicho, "Zombies" ina ukumbusho wa kweli juu ya namna tunavyojitazama leo, na nitaitazama tena. Inapungukiwa ukumbusho wa mahali kile kioo kilikotoka. Klipi ya Prado haina ukumbusho. Picha ya tope inakumbusha dunia jambo moja, na inasahaulisha mengine yote.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu, anaimba vizuri kabisa, alinifikia. Ana wimbo, ana rafiki mwenye kamera, anataka klipi ya dakika nne. Aliniomba nimtafutie Prado ya kuazima. Nikamwambia: nitatafuta, lakini hiyo gari isianze hadithi. Anza na beseni. Mama yako anakuwekea maji kila jioni, unanawa vumbi, maji yanakuwa mekundu. Onyesha maji yale. Halafu vaa shati jeupe, halafu panda gari, ucheze mpaka asubuhi. Sasa ule weupe utakuwa na maana, tutajua uligharimu nini.

Alinyamaza. Akasema: "Yaya, bantu bakiona ile maji, batasema niko maskini."

Nikamwambia: bataona mama yako pia.

Hajanijibu bado. Wanapiga picha mvua ikiisha. Prado nimeshaipata, ya rafiki, siku moja tu na mafuta ni juu yetu. Beseni iko kwa mama yake.